Mwanafunzi Anayengojewa

Kila mwaka ifikapo Agosti na Septemba, magari yanayovuka daraja la Kilifi kutoka Mombasa hubeba vijana wenye masanduku, magodoro ya kukunjwa na barua za kuitwa Chuo Kikuu cha Pwani. Wengi hawakuijua Kilifi kabla ya hapo. KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, ndiyo iliyowaleta, na wametoka Kisii, Kirinyaga na Turkana kama wengine walivyotoka Ganze na Magarini. Mtihani wa kidato cha nne waliumaliza Novemba ya mwaka uliopita, kisha wakakaa nyumbani karibu miezi tisa, wakisubiri. Sasa wanakabidhiwa kitu ambacho hawajawahi kuwa nacho, yaani siku nzima isiyo na kengele. Shule ya bweni ilimwamsha kijana kabla ya jua, ikampangia saa ya kusoma, ya kula, ya kuoga na ya kulala, kwa miaka minne mfululizo. Chuo hakimwamshi mtu. Mhadhiri akiingia ukumbini na kukuta nusu ya viti ni vitupu, atawasomesha waliopo na kwenda zake.

Wazazi huuogopa sana uhuru huo, na hofu yao huelekea kwenye mambo yanayoonekana: pombe, kamari za kwenye simu, mapenzi ya haraka. Hofu hiyo ina msingi. Lakini nadhani chini ya hayo yote kuna jambo tulivu zaidi ambalo halizungumzwi, nalo ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hahitajiwi na mtu yeyote. Nyumbani alichota maji, alimsaidia mdogo wake hesabu, alikaa dukani shangazi akienda sokoni. Chuoni, kwa mara ya kwanza maishani mwake, asipotokea mahali hakuna kinachoharibika. Mtu hawezi kukua vizuri katika hali hiyo, hata akiwa na akili nyingi. Ndiyo maana naona kazi ya kujitolea inastahili nafasi katika mwaka wa kwanza, tena si kama pambo la wasifu wa kutafutia kazi. Ila naisema hoja hii kwa sharti, kwa sababu si kila kujitolea kunamkuza kijana. Kunamkuza pale tu ambapo kuna mtu mahsusi anayemngoja kila wiki, na pale anapofanya kazi chini ya watu wanaojua kuliko yeye. Kwa bahati mbaya, sehemu kubwa ya kinachoitwa kujitolea katika vyuo vyetu haitimizi sharti hilo hata kwa nusu.

Suala hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1987 msomi wa Marekani Vincent Tinto alichapisha kitabu kuhusu wanafunzi wanaoacha chuo kabla ya kumaliza. Alionyesha kwamba wengi hawaondoki kwa kushindwa na masomo. Huondoka kwa sababu hawakupata kushikamana na mtu wala jambo lolote pale walipo, na mwaka wa kwanza ndio wenye hatari zaidi. Mwaka 2000 Alexander Astin na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 22,236, wengi wao wakiwa walioingia chuo mwaka 1994 na kuulizwa tena miaka michache baadaye. Walipima mambo kumi na moja, yakiwemo alama za masomo, uwezo wa kuandika, fikra za uchambuzi, uongozi na imani ya mtu katika uwezo wake mwenyewe. Yote kumi na moja yalikuwa bora zaidi kwa waliohudumia jamii. Msomaji makini atauliza papo hapo: je, si kwamba vijana wa namna hiyo walikuwa bora tangu mwanzo, na ndiyo maana wakajitolea? Swali hilo ni la haki. Watafiti walilitarajia, na kwa kuwa walikuwa na habari za wanafunzi tangu siku za kujiandikisha, walizingatia tofauti hizo walipofanya hesabu zao. Hata hivyo, kwangu mimi matokeo mazito zaidi ni mengine waliyoyapata humohumo: kilichoamua kama kazi ilimfaa mwanafunzi, kwanza kabisa, kilikuwa kiasi alichovutiwa na jambo lenyewe, na baada ya hapo, kama kulikuwa na mhadhiri aliyewapa wanafunzi nafasi ya kulizungumza darasani. Kuvaa fulana ya mradi na kufika siku ya tukio hakukutajwa popote.

Tuchukue upandaji wa mikoko, kwa kuwa ndiyo kazi inayopendwa sana kila panapotajwa mazingira huku pwani. Siku hupangwa, basi hukodiwa, bango huchapishwa. Wanafunzi huteremka kwenye tope, huchomeka miche mamia kwa mamia, hupigwa picha, huosha miguu na kuondoka. Ubaya hauko kwenye picha. Uko kwenye tope. Wakazi wa kando ya hori ya Mida wanajua kwamba msitu wa mikoko ni jamii ya miti tofauti, na kila mti una kikao chake. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na maji ya bahari kila siku. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyosimama kama magongo. Mkandaa hukaa ndani zaidi, na mchu huvumilia chumvi kali ya sehemu za nyuma ambazo maji huzifikia wakati wa bamvua pekee, ingawa mchu huonekana mbele vilevile. Kuna muia, kuna mkomafi. Sasa, mbegu za mkoko ni ndefu, ni rahisi kuokota na ni rahisi zaidi kuchomeka, kwa hiyo ndizo zinazopandwa kila mahali, pakiwa pake au pasipokuwa pake. Ufilipino iliyafanya haya kwa miongo kadhaa na kwa fedha nyingi. Watafiti waliporudi kuhesabu walikuta sehemu kubwa ya miche imekufa, kwa sababu aina isiyofaa ilipandwa mahali pasipofaa, mara nyingi kwenye tope la mbele ambalo halikuwahi kuwa msitu.

Mwanafunzi wa siku moja hawezi kulijua hilo, na hata akielezwa halimwingii, kwa kuwa hatarudi kuona kilichokufa. Mweke kijana huyohuyo chini ya kikundi cha wenyeji cha Dabaso au Mida kwa mihula miwili, akifika kila bamvua, maji yanapotoka mbali na tope kuwa wazi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na haimsubiri aliyechelewa kuamka. Kazi yake ya kwanza haitakuwa kupanda. Atahesabu miche iliyo hai, ataondoa mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye mizizi, atajifunza kuutambua mche kwa jani na kwa shina kabla haujachanua. Pengine ataambiwa kwamba kipande fulani hakihitaji kupandwa chochote. Kinahitaji watu waache kukata na mkondo wa maji ufunguliwe, mbegu zitakuja zenyewe. Na atakayemwambia hayo huenda ni mama ambaye hakupita darasa la nane. Kijana aliyepongezwa na kijiji kizima kwa alama zake anasahihishwa mbele ya wengine na mtu asiye na cheti, kisha baada ya miezi mitatu anaona kwa macho yake kwamba mama yule alisema kweli. Sijui mhadhara wowote wa mwaka wa kwanza unaoweza kufundisha somo hilo. Unyenyekevu wa msomi huanzia hapo, na vilevile huanzia hapo hamu ya kujua kwa nini mambo yako hivyo, ambayo ndiyo sababu ya chuo kuwepo.

Ukanda wa Malindi na Kilifi una mahali pengi pa namna hii, pengi kuliko miji mingi ya vyuo nchini. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza Afrika. Pale Watamu, shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997, hupokea simu za wavuvi walionasa kasa bila kukusudia. Mtu hutumwa, kasa hupimwa, hupewa alama, hurudishwa majini, na mvuvi hulipwa kitu kidogo kwa muda na usumbufu. Mayai ya kasa hukaa mchangani takriban miezi miwili, na wakati wote huo lazima kuwe na anayepita ufuoni kuangalia. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, una mradi wa Kipepeo pale Gede tangu 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo, na una mpango wa A Rocha Kenya ulioanza 2001 wa kuwalipia karo watoto wa jirani ya msitu. Kazi nyingi katika sehemu hizi ni ya kuchosha: kuandika namba, kurudia kipimo, kutembea njia ileile. Nasema hivyo kwa sifa. Kijana anayeweza kuandika namba sahihi jioni ya wiki ya kumi kama alivyoziandika wiki ya kwanza amejenga kitu ndani yake.

Kwa wasiovutiwa na miti wala bahari kuna watoto. Tangu 2009 tathmini za Uwezo, ambazo zenyewe zilifanywa nyumba kwa nyumba na watu waliojitolea vijijini mwao, zilionyesha kwamba katika Kenya ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Mwanafunzi wa ualimu aliye mwaka wa kwanza hawezi kurekebisha mfumo huo. Anaweza kukaa na watoto sita wa shule ya jirani kila Alhamisi alasiri, wasome. Huko India, katika wilaya ya Jaunpur, vijana wa vijijini waliofunzwa kwa siku chache waliendesha madarasa ya kusoma bila mshahara. Watafiti waliopima wakaona watoto waliohudhuria, hasa wale ambao hawakuwa wakijua hata herufi, walipiga hatua kubwa. Lakini waliohudhuria walikuwa wachache, na hilo nalo lina funzo, kwamba ufundi mdogo ukirudiwa kwa uaminifu huzaa matunda ilhali nia njema iliyotangazwa kwa kijiji kizima haiwaleti watoto yenyewe. Lazima mtu awafuate, azungumze na mama zao, ajue kwa nini mmoja hakuja wiki iliyopita.

Hapa kwetu jambo la watoto linahitaji neno la ziada. Malindi na Watamu zimezoea wageni wanaokuja kutembelea makao ya mayatima kwa wiki moja, wakiwabeba watoto, wakipiga picha, wakiondoka na kuacha vilio. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Aidha, uchunguzi wa UNICEF wa mwaka 2006 ulieleza kinaganaga jinsi watoto wa pwani walivyodhulumiwa kingono, na watalii na wenyeji pia. Kwa hiyo kijana wa chuo asipewe watoto wa watu kwa sababu tu ana moyo mzuri. Awe chini ya mwalimu mkuu, mlango ukiwa wazi, kwa ratiba inayojulikana na wazazi. Mwanafunzi atakayeona masharti hayo ni dharau atafutiwe kazi nyingine.

Na kuna kazi za siku za msiba. Mto Sabaki ulipofurika mwaka 2018 na kuwahamisha watu wa Magarini, na tena mvua kubwa zilipopiga mwishoni mwa 2023, miongoni mwa walioonekana mapema walikuwa watu wa kujitolea wa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kati ya matukio hayo mawili, mnamo Aprili 2023, miili ya wafuasi wa dhehebu lililofunga kula hadi kufa ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Ilipatikana zaidi ya 400. Jamaa walifika Malindi kutoka pande zote za nchi kutafuta watu wao, na Msalaba Mwekundu ukafungua dawati la kuwaandikisha waliopotea na kuwafariji waliokuwa wakingoja. Kukaa na mzazi ambaye hajui kama mwanawe yu hai ni kazi ambayo hakuna anayeweza kuianza siku hiyohiyo. Inataka mtu aliyekwisha kufunzwa, aliyekwisha kuzoea kusikiliza bila kukimbilia kusema. Mafunzo ya namna hiyo hufanyika wakati wa amani, jioni moja baada ya nyingine, wakati ambapo hakuna habari kwenye televisheni.

Baadhi ya wasomaji watasema: ikiwa jambo hili ni zuri kiasi hicho, lifanywe la lazima. Afrika Mashariki imekwisha kujaribu. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea sehemu tu ya mshahara. Nyerere aliwafukuza zaidi ya mia tatu na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1974, Azimio la Musoma likaamua kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule bila kufanya kazi kwanza. Baadaye masharti yakalegezwa. Kenya nayo, kati ya 1984 na 1990, iliwapitisha wanafunzi katika kambi za Huduma ya Vijana kwa Taifa kabla ya kuingia chuo kikuu. Waliopitia mipango hiyo hawana kauli moja. Wapo wanaoisifu hadi leo kwa kuwakutanisha watoto wa matajiri na wa maskini kwenye sufuria moja, na sifa hiyo siidharau. Azimio la Musoma hasa liliona jambo la kweli, kwamba kijana aliyewahi kufanya kazi na watu husoma kwa namna tofauti na yule ambaye hajui lolote isipokuwa dawati.

Lakini amri ina gharama yake. Mwaka 1999 wanasaikolojia Stukas, Snyder na Clary walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliotakiwa na chuo kujitolea. Wale waliohisi wamesukumwa walipungukiwa na hamu ya kujitolea siku za baadaye, hata kama walikuwa wamewahi kufanya hivyo hapo awali. Amri ilikula kile ilichokusudia kukipanda. Unapoyaweka matokeo haya kando ya yale ya Astin, kwamba kuvutiwa na kazi ndilo jambo la kwanza, njia inajionyesha: chuo kitoe nafasi nyingi, kizieleze vizuri wiki za mwanzo, kisha kimwache mwanafunzi achague, akiwemo yule atakayechagua kutofanya lolote. Wala sipendelei kazi hii itolewe alama. Mahali ambapo saa zinahesabiwa kwa alama, daftari la mahudhurio hugeuka kuwa kazi yenyewe, na wenyeji hugeuka kuwa watu wa kutia saini.

Pingamizi la pili ni la muda. Mzazi aliyeuza mbuzi kulipa ada ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe yuko kwenye matope badala ya maktaba. Jibu langu ni kwamba saa tatu kwa wiki haziibi chochote maktabani. Wiki ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ina nafasi nyingi tupu, na kinachozijaza mara nyingi ni simu. Waliohudumia katika uchunguzi ule wa Marekani hawakushuka kimasomo, walipanda. Kijana aliyezoea kufika mahali kwa wakati kwa ajili ya mwingine huanza kufika kwa wakati kwa ajili yake mwenyewe pia. Ila kuna kiwango. Mwanafunzi anayejiandikisha katika vikundi vitano, akawa kiongozi wa vitatu, ataanguka, na ataviangusha pamoja naye. Kazi moja yatosha.

La tatu ndilo zito zaidi, nami sitaki kulipita haraka. Kujitolea kunahitaji nauli. Kutoka Kilifi hadi Mida au Watamu ni safari ya kilomita zipatazo arubaini au zaidi, na mwanafunzi ambaye mkopo wa HELB umechelewa huenda siku hiyo amekunywa chai bila kitu. Wapo wanaofanya vibarua mwisho wa wiki ili wale. Tukisifu kujitolea bila kulitazama hili, tutakuwa tumewasifu wenye nacho, na barua nzuri za sifa zitaendelea kwenda kwa waliokuwa nazo tayari. Pia kuna swali la haki kwa upande wa pili: kazi isiyolipwa ya mwanafunzi inamnyang'anya nani riziki? Wahudumu wa afya ya jamii walitembea vijiji vya Kenya kwa miaka mingi bila malipo, wakisifiwa tu. Mwaka 2023 serikali ilipowatuma wapatao 100,000 na vifaa, wakaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nayo si pesa nyingi. Itakuwa dhuluma kumpeleka mwanafunzi kufanya bure kile ambacho kijana wa Ganze, aliyemaliza kidato cha nne na hakupata nafasi ya chuo, angeweza kukifanya kwa ujira. Kipimo changu ni hiki: mwanafunzi akiondoka, je, kituo kitalazimika kuajiri mtu? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi ile ilikuwa ajira tangu mwanzo, na ilipwe. Kazi inayomfaa mwanafunzi ni ile inayoongeza mkono pale ambapo tayari kuna mwenye kazi. Na nauli itoke kwa chuo au kwa mradi unaompokea. Kikundi kinachopata fedha za kuchapisha fulana mia moja kinaweza kuwalipia wanafunzi wanane nauli ya muhula.

Kisha kuna wenyeji, ambao katika makala za aina hii husahaulika kana kwamba kazi yao ni kupokea tu. Kilifi imezoea kuulizwa maswali. Taasisi ya KEMRI na washirika wake wa Wellcome wamefanya utafiti wa tiba hapa tangu 1989, na kwa miaka hiyo walijifunza kwamba haiwezekani kuwaendea watu kama mashamba ya kuvuna habari. Ndiyo maana kuna wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wakazi, wanaopeleka malalamiko na maswali kwa watafiti, na kuna mpango wa kuwachukua vijana waliomaliza sekondari, katika ile miezi mitupu kabla ya chuo, wakae na wanasayansi. Mambo yote mawili yanafaa kuigwa. Tena tusisahau kwamba watu wa hapa hawakufundishwa kujitolea na chuo. Hualikana kulima, huchimba kaburi la jirani bila kuulizwa malipo, hupikia matanga na harusi kwa zamu. Mwanafunzi anayekuja akidhani analeta ukarimu mahali pasipo na ukarimu atakuwa amepotea tangu hatua ya kwanza, na atachosha watu.

Kwa hiyo kinachotakiwa si kikubwa. Mkuu wa wanafunzi awe na orodha fupi ya vikundi vilivyokubali, kila kimoja kikiwa na mtu mmoja anayejulikana kwa jina na mwanafunzi, na siku moja ya wiki. Mhadhiri mmoja katika kila kitivo ajitwike saa moja kwa mwezi ya kuwasikiliza wanafunzi wakisimulia walichoona na kubishana juu yake, kwa sababu bila mazungumzo hayo kazi hubaki kuwa kazi tu. Mihula miwili, isipungue, na mwisho wake mwenyeji aulizwe kwanza, kabla ya mwanafunzi, kama mpango uendelee.

Muda wa kulipanga hili upo, lakini si mwingi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya kumi Januari 2026, na mafunzo kupitia huduma kwa jamii ni sehemu ya masomo yao ya lazima. Watafika vyuoni mwaka 2029 wakiwa wamekwisha kuifanya kazi hii kwa miaka mitatu, vizuri au vibaya kutegemea shule walizotoka, na hawatavutiwa na bango na basi la siku moja. Vikundi vya Dabaso, Watamu na Magarini viulizwe sasa ni wanafunzi wangapi vinaweza kuwapokea, siku gani, kwa kazi ipi, na nani atakayekuwa akiwangoja. Na kikundi kitakachojibu kwamba hakina nafasi, au kwamba kimechoka na wanafunzi, kiachwe kifanye kazi zake.